Pilau Iliyorudishwa

"Mbona hasemi? Amemeza ulimi?"

"Mwache apumue, mama."

"Apumue mpaka lini, Mzee Seleman? Sheikh yuko barazani, mbuzi amekwisha pakuliwa, na dereva wa lori anatutukana huko nje! Mwamini! We Mwamini! Sema ndiyo tukale!"

Zaina alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Mzee Seleman na shahidi mwenzake walikuwa mlangoni, nyuso wamezigeuza pembeni kwa heshima. Bibi harusi alikuwa juu ya mkeka, kafunikwa kanga mpya, kimya vile vile kama tulivyomwacha juma lililopita.

Mzee Seleman akakohoa. "Angekuwa mwali, kimya chake kingetosha, tungekwenda zetu. Huyu ni mjane. Mjane anatamka kwa kinywa chake, na sisi wawili tunasikia. Asipotamka hakuna ndoa."

"Umesikia? Tamka!"

Mwamini hakutamka.

Kwa wewe ambaye gazeti lililopita lilikupita, mambo ni haya. Mwaka ni 1952. Tuko Nachingwea, nyumbani kwa Mjomba Shaibu, na bibi harusi ni mpwa wake. Mumewe wa kwanza, Yunusi, alikufa kwa homa masika ya mwaka juzi, wakati matingatinga ya shamba kubwa la karanga yalipokuwa bado yananguruma porini. Sasa matingatinga yamenyamaza, Wazungu wengi wamekwenda zao, na Mwamini anaolewa na Adinani, mkulima wa korosho wa Nkowe, upande wa Ruangwa. Zaina ni dada yake Adinani. Watoto wawili wa Mwamini, Mwanaima na mdogo wake Jumaa, wameambiwa hawakualikwa. Tangu asubuhi wako nyumba ya pili, kwa jirani Dionisia.

Haya, turudi chumbani.

Mwamini hakuwa amekataa. Hapo ndipo wote walipokosea. Tangu siku ya mazishi alikuwa akijibu kila kitu kwa neno moja tu, sawa. Kuna mtu wa Nkowe anataka kukuoa. Sawa. Utahamia kwake Ruangwa. Sawa. Watoto wasije harusini, upande wa mwanaume hawataki. Sawa.

Mwaka jana aliunguza kiganja kwa sufuria, akajua kwa harufu. Leo asubuhi watoto walipotolewa nje wakiwa wamevaa nguo zao za kila siku, Jumaa aligeuka nyuma kumtazama, na Mwamini alikuwa anafikiria kuni, kama zimekauka au hazijakauka.

Sasa walitaka neno kutoka kwake, naye alilitafuta. Halikuwepo. Hata ile sawa yake haikuwepo.

"Atatuaibisha huyu," Zaina akasema. "Nitarudi Nkowe niwaambie nini watu? Kwamba tumekula mbuzi, ndoa hakuna?"

Mlango wa nyuma ukasukumwa kwa goti.

Aliyeingia ni Dionisia, mke wa seremala wa misheni, msalaba shingoni na sahani mkononi. Hakubisha hodi. Tangu Yunusi afe, katika nyumba ile Dionisia hakuwa mgeni.

"Mzee Seleman, shikamoo. Nipisheni kidogo." Akaiweka sahani mbele ya Mwamini. "Hii pilau imerudi."

"Imerudi?" Zaina akashtuka. "Tangu lini pilau ya harusi inarudi?"

"Mwanaima kairudisha. Kasema mtu hali pilau ya harusi ambayo hakualikwa. Kasema hivyo hivyo, macho makavu. Nikamwambia, mwanangu kula, hiki ni chakula tu. Akanijibu, basi mpelekee mwenyewe."

Mwamini akaitazama sahani. Wali ulikuwa umejaa. Nyama hakuna hata kipande.

"Nyama kala Jumaa," Dionisia akasema. "Zake na za dada yake. Yule hajui kualikwa wala kutoalikwa. Kazi yake kuuliza lori litaondoka saa ngapi."

Zaina akacheka, kicheko cha kuudhika. "Mtoto wa miaka kumi na moja anarudisha chakula cha watu wazima! Sasa naona kwa nini ninyi wenyewe hamkutaka watoto kwenye harusi hii."

Dionisia akageuka taratibu. "Sisi nani?"

"Ninyi. Upande wa bibi harusi."

"Dada, usinichezee. Waliokataa watoto ni ninyi. Kaka yako."

"Kaka yangu!" Zaina akapiga mikono mapajani. "Kaka yangu mimi? Yule amekuja ndani ya lori kutoka Nkowe anarudia majina yao njia nzima, kama mtoto wa chuoni! Mwanaima, Jumaa. Mwanaima, Jumaa. Alinichosha mpaka nikahamia nyuma na magunia! Tunashuka hapa asubuhi tunaambiwa, kwenu mjane haolewi mbele ya wanawe, ni mkosi. Tufanye nini sisi? Nyumba ya watu ina miiko yake. Tukanyamaza."

"Nani kawaambia ni mkosi?"

"Mwenye nyumba."

Huko uani mtu alikuwa anakwangua sufuria.

Mzee Seleman, ambaye muda wote uso wake ulikuwa pembeni, sasa akaugeuza. "Mama Zaina, huo mwiko mimi siujui. Nami nimezaliwa ndani ya ukoo huu, nikazeekea humu. Tunaoujua sisi ni kinyume chake."

"Kinyume chake ni nini?"

"Ukoo wetu, mwanaume akioa mwanamke mwenye watoto, hawekewi wali mpaka watoto wakae mbele yake. Anashika kichwa cha kila mmoja, anamtaja jina lake na la baba yake, watu wote wasikie. Aliyeshikwa kichwa ni wa nyumba yake. Ambaye hakushikwa anabaki kwa mjomba."

"Anabaki siku ngapi?"

"Anabaki," akasema Mzee Seleman.

Zaina akafunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori.

Maneno yale yalishuka ndani ya Mwamini kama jiwe katika kisima kikavu. Aliyasikia yakifika chini, lakini hakuna maji yaliyoruka. Hayakuwa mageni. Desturi ya ukoo aliijua tangu utoto. Siku ile mjomba alipomwambia watoto hawaji, alijua maana yake, kwamba yeye atakwenda Ruangwa na wao watabaki. Alijua, akasema sawa.

Msiniulize mama gani huyo. Mimi simtetei. Nawaambia jinsi mambo yalivyokuwa.

"Mwiteni mwenye nyumba," Dionisia akasema.

Hakukuwa na haja. Mjomba Shaibu alikuwa anakuja mwenyewe, kanzu imebana mabegani, kofia imekaa upande.

"Kuna nini humu? Sheikh amekaa pale kama mtu aliyekuja kukopa! Mwamini, mjibu mzee tumalize."

"Mzee Shaibu," Zaina akamkata, "nani amekataa watoto?"

Shaibu akamtazama Zaina. Akamtazama Dionisia. Akaitazama sahani ya wali isiyo na nyama. Alikuwa na kasoro zake, lakini ujinga haukuwa mojawapo.

"Mimi," akasema.

"Uliniambia ni upande wa mwanaume."

Wote wakageuka. Aliyesema alikuwa Mwamini.

"Nilikuambia."

"Wao ukawaambia ni sisi."

"Niliwaambia." Akavuta kigoda, akakaa, magoti juu. "Nilikuwa na dada watatu, Mwamini. Wote nimewazika kwa mikono hii. Wawili hawakuacha mtoto. Mama yako akakuacha wewe, nawe una hao wawili. Ukoo wetu mzima sasa unalala kwenye mkeka mmoja na unagombania shuka. Wakienda Nkowe, mimi nikifa nani atakaa mahali pangu? Mbuzi?"

"Mbuzi tumemla," Zaina akasema.

Shahidi wa pili alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Ungeniambia, mjomba," Mwamini akasema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ungesema kama ulivyosema sasa."

"Nikuambie nini? Nikikuambia unasema sawa!" Mjomba Shaibu akanyanyuka tena, maana kukaa kulimshinda. "Siku ile nilipokuambia watoto hawaji, nilisimama pale, pale mlangoni anaposimama Seleman. Nilikuwa nakungoja ukatae. Ungekataa, ningefunga mdomo wangu. Ungenitukana, ningefurahi. Ukasema sawa, ukaendelea kupepeta mchele. Nikajisemea, kumbe hata yeye hawataki. Basi watakuwa wangu."

Mwamini alikuwa anaitazama sahani. Kwenye ukingo wa wali palikuwa na alama ya vidole vitatu vidogo, mahali Jumaa alipochimbua nyama ya dada yake.

Akasimama. Kanga iliyomfunika ikaanguka mabegani, uso ukawa wazi.

"Unakwenda wapi?" Zaina akauliza. "Bibi harusi hatoki!"

"Mimi nani alinialika?"

"Wewe? Wewe ndiye harusi yenyewe!"

"Wanangu hawakualikwa," Mwamini akasema, "basi na mimi sikualikwa."

Akaokota sahani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wanawake waliokuwa jikoni uani walipoona bibi harusi ametokeza, walidhani mambo yamekamilika. Vigelegele vikalipuka. Mmoja akaanza kuimba, akaitikiwa. Kisha wakaona anapita mbele yao moja kwa moja, miguu peku, na sahani ya wali mkononi. Wimbo ukafa, sauti moja baada ya nyingine.

Akapita mbele ya baraza. Sheikh aliinamisha macho akaendelea na tasbihi yake, kana kwamba maharusi wote hupita hivyo. Baba mdogo wa Mwamini, aliyekuwa walii wake wa kumwozesha, akafungua mdomo na kuuacha wazi. Adinani, bwana harusi, akainuka nusu, akakaa tena.

Hakuwa na hasira. Nisiwadanganye kwamba moto ulimwaka kifuani. Hakuna kilichowaka. Miguu ilikwenda naye akaifuata.

Kwa Dionisia, Mwanaima alikuwa kizingitini anamenya karanga. Jumaa alikuwa juu ya mpera, kutoka pale anaweza kuliona lori.

"Umekwisha olewa?" Mwanaima akauliza bila kuinua kichwa.

"Bado."

"Basi rudi, wanakungoja."

"Nimekuja kuwaalika."

Mwanaima akamenya karanga moja, akaila. "Saa hizi? Harusi si imekwisha nusu?"

"Imekwisha nusu. Nimechelewa."

"Huko kuna nani?"

"Kuna wazee wenye njaa. Kuna mjomba. Kuna mwanaume anayejua jina lako."

Mtoto akafikiri. Alikuwa na paji la uso la Yunusi, lile linalojikunja kabla ya kukubali jambo. Akakung'uta maganda kwenye nguo yake, akasimama.

"Jumaa! Shuka. Tumealikwa."

"Na lori?" Jumaa akauliza kutoka juu.

Walirudi watatu. Mwamini kamshika Jumaa mkono, Mwanaima kabeba sahani, Dionisia nyuma yao kama askari. Pale barazani hakusubiri mtu. Alichukua mkeka uliokuwa umeegemezwa ukutani, akautandaza mbele ya bwana harusi, akawakalisha wanawe.

"Hawa hapa," akasema.

Adinani alikuwa amepita miaka arobaini, mfupi, masikio makubwa, mtu wa maneno machache. Akainama, akavua viatu vyake. Vilikuwa viatu vipya vyeusi vya harusi, na ilionekana vinambana. Akaviweka pembeni ya mkeka sawasawa, akakaa mbele ya watoto, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Jumaa.

"Jumaa wa Yunusi," akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Nyumba yangu ni nyumba yako."

"Na lori?" Jumaa akauliza. "Nalo lako?"

"La kukodi."

"Aa," Jumaa akasema, akakata tamaa. Watu wakacheka, hata sheikh.

Adinani naye akatabasamu, akapeleka mkono kwenye kichwa cha pili. "Mwanaima wa Yu..."

Mwanaima akarudi nyuma. Mkono ukabaki hewani.

"Mimi hapana," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Nimekukosea?" Adinani akauliza.

"Hapana. Hata sikujui."

"Basi ni nini, mwanangu?"

"Ruangwa hakuna anayemjua baba." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Hapa nikipita sokoni wananiita binti Yunusi. Yule muuza chumvi ananiita hivyo, na mafundi wa reli, na mama Dionisia. Huko kwenu wataniita binti wa nani?"

Adinani alikuwa amejifunza majina njia nzima kutoka Nkowe, lakini swali hilo hakujifunza.

"Huyu sasa," Zaina akanong'ona kwa nguvu, "ndiye anayenifanya niamini harusi si mahali pa watoto."

Mjomba Shaibu aliegemea nguzo. Alikuwa ameshinda, lakini ungemtazama ungedhani ameshindwa. Hakuthubutu kuinua macho.

Mzee Seleman akamsogelea Mwamini. "Mwanangu," akasema chini chini, "mambo yamefika mbali. Yupo aliyeshikwa kichwa, yupo aliyekataa. Kijana aende na wewe, binti abaki. Hiyo nayo imewahi kufanyika. Mimi nataka neno moja tu nimpelekee sheikh."

Hapo ndipo lile neno liliporudi. Likaja lenyewe, likakaa ulimini tayari. Sawa. Lilikuwa jepesi kuliko kitu chochote. Angelisema, na kila mtu pale angeshukuru, wali ungepakuliwa, na lori lingeondoka na nusu ya watoto wake.

Akalimeza.

"Nimeridhia kuolewa na Adinani," akasema.

Vigelegele vikaruka kutoka uani.

"Sijamaliza."

Vikakatika.

"Nimeridhia kuolewa. Sijaridhia kuhama. Siendi Ruangwa. Anayenioa anioe hapa."

Baba mdogo akashika kichwa. "Mwamini! Hilo hukuulizwa!"

"Ndiyo maana nimelisema mwenyewe."

"Lakini mke huenda kwa mume!"

"Tangu lini?" Mwamini akauliza. "Bibi yangu hakwenda kwa mtu. Bibi yako wewe, Mzee Seleman, alikwenda? Mwanaume alikuja kwa mke na jembe begani, akalima kwa wakwe, akalelea watoto hapo hapo. Haya ya kubebwa kwenye malori yamekuja na mishahara ya karanga. Na karanga zimekwisha."

Mzee Seleman akafikiri. "Babu yangu alikuja na jembe," akakiri. "Na kuku."

"Mikorosho yangu iko Nkowe," Adinani akasema. Hakulalamika. Alisema tu.

"Haikimbii."

"Niliipanda mwenyewe."

"Na mimi hawa niliwazaa mwenyewe."

Mwamini akageukia nguzo. "Na wewe, mjomba. Usikae hapo kama umefiwa. Watoto hao wanabaki hapa, kama ulivyotaka. Lakini akikaa huyu bwana, utampa shamba la bondeni. Si lile la mawe, la bondeni."

Shaibu akainua kichwa kwa mshtuko. "La bondeni nimepanda ufuta wangu!"

"Ulipanda."

"Mwamini, ule ufuta..."

"Ulisema ulikuwa unangoja nikatae, mjomba. Leo nakataa. Utafurahi au hutafurahi?"

Mjomba Shaibu akamtazama. "Chukueni bondeni," akasema hatimaye, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

Mtu mwingine angeishia hapo, akangoja wazee wakae, wanong'onezane, waende msalani, warudi, waamue. Mwamini alikuwa amekwisha ondoka barazani. Alikuwa anakwenda kwenye lori.

Sanduku lake la mbao lilikuwa juu tangu asubuhi, limefungwa kamba, na utingo amelikalia anakula muwa.

"Lishushe," Mwamini akasema.

"Mama, mimi nimeambiwa hili ni la Nkowe."

"Nani kakuambia?"

"Sijui. Watu."

"Basi mimi ndiye mwenye sanduku. Lishushe."

Utingo akamtazama dereva. Dereva akatazama juu, kwa sababu mambo ya harusi za watu hayakumhusu. Mwamini akajifunga kanga kiunoni, akakanyaga gurudumu, akapanda. Wanawake wakapiga kelele. Akaikata kamba kwa kisu cha utingo cha muwa, akalivuta sanduku mpaka ukingoni, akalisukuma.

Lilianguka kwa kishindo, likasimama wima, halikufunguka.

Akashuka, akalilaza, akalikalia.

Kidole chake cha shahada kilikuwa kinatoka damu. Bati la pembeni ya sanduku lilikuwa limemkata. Mwamini akakitazama. Damu ilishuka hadi kwenye kanga mpya, ikatua, doa la kwanza.

Kiliuma.

Alikishika kwa mkono mwingine, akashangaa. Kiliuma kweli kweli. Hakumwambia mtu.

Pale barazani watu walikuwa wamesimama wote. Sheikh aliweka tasbihi chini. "Bibi harusi ametamka," akasema, "na masharti yake tumeyasikia. Mimi sasa nangoja neno moja la bwana harusi."

Wote wakamtazama Adinani.

Adinani alikuwa bado chini kwenye mkeka. Alimtazama Jumaa, aliyekuwa ameanza kula wali ule ule aliouacha mwanzo. Alimtazama Mwanaima, aliyemtazama naye bila kupepesa. Alimtazama Mwamini juu ya sanduku lake.

Akainuka. Hakusema neno. Akapita katikati ya watu, akafika kwenye lori, akafungua mlango wa mbele, akapanda akakaa karibu na dereva.

"Kaka!" Zaina akapiga ukelele. "Adinani! Unakwenda wapi? Sheikh anakungoja! Kaka, usinifanyie hivi mbele ya watu!"

"Nkowe," Adinani akamwambia dereva.

Mlango ukafungwa. Utingo akazungusha hendeli, lori likakohoa, likatetemeka, likaondoka. Zaina akalikimbilia mpaka mahali vumbi lilipomshinda, akarudi anatembea, kanga ikiburuta, analia na kulaani pamoja.

Baba mdogo akasema, nilijua. Mzee Seleman akasema, ngojeni, huenda amefuata jembe.

Mwamini hakuinuka. Jumaa alipomkimbilia, alimvuta karibu, akampangusa mafuta mdomoni kwa ncha ya kanga, upande usio na damu.

"Mama," Mwanaima akaita kutoka barazani. Alikuwa ameinama pembeni ya mkeka, anaangalia kitu. "Mama, njoo uone. Ameacha viatu."